Hamira Usiku, Mkate Alfajiri

Leo tunaomba ruhusa tuingie jikoni mwenu.

Hapa Buxton alfajiri ni mbio. Mama anawahi matatu ya kuvuka daraja la Nyali kwenda Kongowea, baba anawahi zamu bandarini, watoto wanatafuta soksi. Boflo la dukani linakatwa upesi, kila mmoja anatoka akitafuna. Na wako akina mama wanaojilaumu moyoni: mama yangu alituokea mkate, mimi hata nafasi sina.

Ndugu wapendwa, tusianze kwa lawama. Katika Kutoka 12 twasoma kwamba wana wa Israeli walitoka Misri kwa haraka hata unga wao haukuwahi kuumuka. Waliubeba mabegani, wakaoka mikate isiyo na chachu. Mungu hakuwakemea, aliagiza mkate huo ukumbukwe kila mwaka. Basi siku ya haraka, chapati inatosha.

Lakini yuko pia mwanamke wa Mathayo 13, aliyetia chachu katika pishi tatu za unga. Unga huo ni wa kulisha halaiki! Mikono yake peke yake isingeuumua. Alitia chachu, akauacha, nayo ikafanya kazi asipoiona. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mkate hautaki mikono mingi, wataka saa nyingi, na saa hizo waweza kuwa umelala.

Baada ya chakula cha usiku, chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na robo tu ya kijiko cha hamira. Tia maji ya baridi kikombe kimoja na robo. Koroga mpaka usione unga mkavu, funika, nenda kasali na familia, mlale.

Hamira ni viumbe hai vidogo mno. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa inayouinua. Joto la Mombasa huwachangamsha sana. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulitia kijiko kizima na maji ya moto kidogo. Alfajiri tulikuta unga umemwagika mezani, mchachu, na sisimizi wamekwisha karibishwa.

Ukiamka, ukunje unga mara chache, uweke katika sufuria iliyopakwa mafuta, uuache nusu saa mnapooga. Kwa jiko la makaa, pasha sufuria kubwa yenye mchanga, tumbukiza ile ndogo, funika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Dakika 45 hivi. Wenye gesi watumie sufuria nzito na moto mdogo, kisha waugeuze upande wa pili. Ugonge chini kwa kidole: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Kazi ya kukoroga mpe mtoto. Hata wa miaka saba anaiweza, na mkate alioukoroga yeye hatakubali kuondoka kabla ya kuuonja. Hapo mtakuwa mmeketi wote, walau dakika kumi. Ombeeni chakula, mle, kisha mkimbilie matatu.