Samaki wa Mapambo wa Tanganyika na Nyasa: Wazaliane Nyumbani, Wasiachiwe Mitoni

Na Mwandishi Wetu – Dar es Salaam

Mkazi wa Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi anamfahamu perege akiwa mezani, amekaangwa au ameungwa kwa nazi. Si wengi wanaotambua kuwa perege huyo ana ndugu wadogo wenye rangi za manjano, buluu na machungwa, wenye asili ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya, Asia na Marekani huwafuga katika matangi ya kioo.

Samaki hao ni wa jamii ya siklidi, ambayo ndani yake wamo pia sato, kuhe wa Ziwa Tanganyika na furu wa Ziwa Victoria. Ziwa Tanganyika pekee lina aina zipatazo 200 au zaidi za siklidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ziwa Nyasa lina aina nyingi zaidi ya hizo.

Utajiri huo una udhaifu wake. Aina nyingi huishi kwenye miamba ya kando ya ziwa na hazivuki eneo la mchanga au kina kirefu kufika mwamba mwingine. Ndiyo maana samaki wa kundi la Tropheus hutofautiana rangi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Samaki wa mwamba mmoja wakivuliwa hadi kwisha, si rahisi wengine wa rangi hiyo kuja kujaza nafasi yao. Kwa sababu hiyo, samaki aliyezaliwa na kukuzwa ndani ya tangi anaweza kuchukua sokoni nafasi ya yule ambaye angetolewa ziwani.

Maji kwanza, samaki baadaye

Kosa la kawaida la mfugaji mpya ni kununua tangi na samaki siku moja. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio na mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga.

Kwa siklidi wa maziwa haya, tahadhari hiyo ina uzito wa pekee. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali mkubwa, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 8.5 na 9 hivi, na ya Ziwa Nyasa huwa karibu na 8. Kadiri ualkali na joto vinavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali ya sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumuua siklidi kwa usiku mmoja wa joto la Februari.

Maji ya bomba jijini Dar es Salaam, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, hutibiwa kwa klorini. Klorini huua vijidudu vya maradhi, lakini pia hudhuru samaki na bakteria wa tangi. Maji yakiwekwa kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku moja hadi mbili, huku yakipitishiwa hewa kwa pampu, klorini hiyo hutoka. Wanaotegemea visima wapime maji kwanza, kwa kuwa baadhi ya visima vya ukanda wa pwani vina chumvi. Ladha ya chumvi si dalili kwamba maji yana madini ya ziwa, na chumvi ya mezani haiwezi kuwa mbadala wa madini hayo.

Njia nafuu ya kuongeza ualkali ni kuweka ndani ya tangi vipande vya mawe ya matumbawe ya kale, kama yale yanayotumika katika ujenzi, baada ya kuvisafisha vizuri. Mawe hayo ni ya chokaa, nayo huyeyuka polepole. Matumbawe hai ya baharini yasiguswe, kwa kuwa ni mazalia ya samaki.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, hivyo kwa miezi mingi Dar es Salaam haihitaji kifaa cha kupasha maji. Hatari iliyopo ni joto kuzidi, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Tangi liwekwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, na mfugaji awe na pampu ndogo ya betri. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, samaki hukosa hewa na bakteria wa kwenye chujio nao huanza kufa.

Jinsi wanavyozaliana

Siklidi wengi wa Ziwa Nyasa, pamoja na Tropheus wa Tanganyika, huatamia mayai mdomoni. Jike hutaga mayai machache, huyakusanya kinywani na kuyalinda humo kwa takriban wiki tatu hadi nne, mpaka vifaranga waweze kuogelea. Katika kipindi hicho majike wengi hawali au hula kidogo sana. Mfugaji anayemsumbua jike kila siku ili amchungulie humfanya ayateme au kuyameza mayai.

Anayeanza anaweza kuchagua Labidochromis caeruleus, samaki wa manjano wa Ziwa Nyasa ambaye ni mstahimilivu. Tangi la lita 200 linatosha dume mmoja na majike watatu au zaidi, ili ukali wa dume usimwelemee jike mmoja. Mwenye nafasi ndogo anaweza kufuga Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, ambaye dume wake hufikia sentimita nne hadi tano tu na hutaga ndani ya makombe matupu ya konokono.

Chakula nacho hutofautiana. Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe na ana utumbo mrefu. Akipewa nyama kwa wingi huvimba tumbo na mara nyingi hufa. Aina zinazokaribiana zisichanganywe katika tangi moja, kwa sababu huzaa chotara ambao hawana thamani kwa uhifadhi wala kwa mnunuzi makini.

Funzo la furu

Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na pamoja na kuchafuka kwa maji, aina nyingi za furu zilitoweka. Sangara ameleta biashara kubwa, lakini furu waliopotea hawarudi. Baadhi ya aina zao zimehifadhiwa katika matangi ya bustani za wanyama na maabara za ng'ambo.

Kisa hicho kinaonesha kuwa tangi linaweza kuokoa samaki, na kwamba samaki mgeni anaweza kuharibu maji yasiyo yake. Vifaranga wakizidi, wapewe wafugaji wengine au wauzwe. Wasimwagwe katika Mto Mpiji, Msimbazi au Kizinga, wala kwenye mabwawa ya jirani. Tayari sato aliyepandikizwa amesambaa katika mito mingi nchini na kuzaa chotara na perege wa asili.

Uvuvi na usafirishaji wa samaki hai wa mapambo nje ya nchi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na unahitaji leseni. Kuna pia maeneo ya ziwa yaliyohifadhiwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 ndani ya Ziwa Tanganyika.

Kabla ya kununua samaki, mwananchi anashauriwa kumwuliza muuzaji kama wamezalishwa au wamevuliwa, na kumwona afisa uvuvi wa halmashauri yake iwapo anakusudia kufanya biashara. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ni hazina nyingine ya maarifa kwa anayetaka kuanza vyema.