Unataka Kusomea Kutengeneza Tovuti? Soma Hii Kabla Mzae Atoe Bonasi ya Chai

Tuseme uko Nyakoe, bonasi ya majani chai imeingia, na mzae amekubali kukulipia kozi ya kutengeneza tovuti. Hiyo doo haiji mara mbili. So swali ni moja: kitu gani lazima ufunzwe kwanza?

Walimu wengi wa haraka watakurusha moja kwa moja kwa React, juu ndiyo inaitishwa kwa matangazo ya job. React ni kali, sikatai. Lakini ilitoka Facebook 2013, na kabla yake kulikuwa na zingine ambazo leo hakuna msee anazitaja. HTML nayo? Nakala ya tovuti ya kwanza kabisa, ile Tim Berners-Lee alitengeneza pale CERN, Uswisi, bado inafunguka kwa simu yako. Hiyo ni kitu ya 1991, buda!

Wacha tuchukue mfano wa mathe anauza ndizi sokoni Nyakoe. Anataka tovuti ya kuchukua oda za wateja wa Nairobi. Unapiga picha kumi na simu, kila moja ina MB 4, unazipakia zikiwa hivyo tu. Mteja amenunua bando ya mbao. Picha zako pekee ni MB 40, na zinakula bando yake kabla aone bei. Hapo React haikusaidii. Unahitaji kujua kwamba brauza inaomba, seva inajibu, na kila kitu kwa ukurasa kina uzito ambao mtu analipia.

Ukijua hiyo safari ya brauza na seva, hata makosa yanaanza kuongea Kiswahili. 404 inamaanisha seva umeipata, ila ukurasa ulioitisha haupo. 500 ni seva imejibu, ila yenyewe imepata hitilafu ndani. Na kama hakuna jibu lolote, angalia bando kwanza kabla ulie. Msee asiyejua tofauti atashinda siku mzima akirekebisha mahali hapajaharibika.

Sasa ingia kwa pesa, hapo ndipo noma iko. Bei ya mkungu ni 800. Ukiiweka kwa fomu na uamini chenye brauza inakutumia, mjanja ataibadilisha iwe 8, na haihitaji uchawi, brauza yenyewe iko na vifaa vya kufanya hivyo. Chochote kiko kwa simu ya mteja ni cha mteja. Bei inakaguliwa kwa seva. Hata M-Pesa inafanya hivyo: ukitumia Daraja, jibu la kama mteja amelipa linatumwa kwa seva yako. Mwanafunzi ambaye hajafunzwa hii atamfanya mathe apeane mikungu bure, na tovuti itakaa smart kabisa.

Kwa hivyo mimi naona msingi ni safari ya ukurasa, HTML, CSS ya kutosha ikae poa kwa skrini ndogo, JavaScript yenyewe bila madoido, na kusoma ujumbe wa kosa pole pole hadi mwisho. Hii ya mwisho hakuna mtu huifunza! Wengi wakiona maandishi mekundu wanafunga laptop. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kufikia hapo tulikuwa tumenakili HTML kwa kalamu na karatasi bila kuifungua kwa brauza hata siku moja. Nilijua kuandika alama zote. Sikujua zinafanya nini.

Fremuweki zitakuja baadaye, na zitakuingia haraka juu utakuwa unaona zinakuondolea kazi gani.

Basi kabla mzae alipe, nenda naye kwa huyo mwalimu na muulize kitu moja: nikibonyeza linki, nini kinatokea hadi ukurasa ufunguke? Akichora kwa ubao, lipa. Akianza stori za cheti na sherehe ya kufuzu, pandeni matatu mrudi nyumbani na doo yenu.