Mbolea na magugu katika nyasi mpya kabla ya majira ya baridi

Utunzaji wa nyasi mpya kabla ya majira ya baridi ni kazi ya kurutubisha udongo na kuzuia magugu katika uwanja wa nyasi uliopandwa karibuni, kwenye nchi ambako ardhi huganda wakati wa baridi. Makala hii inahusu hasa majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama vile Minnesota, Wisconsin, Michigan, Ohio na Pennsylvania, ambako uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ni jambo la kawaida. Huko mbegu hupandwa kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Septemba, na miche hubaki na wiki chache tu za kujijenga kabla ya jalidi na theluji. Ugumu wake ni kwamba mambo mawili ambayo mwenye uwanja hupenda kuyafanya siku moja, yaani kulisha nyasi na kuua magugu, hayana wakati mmoja. Mbolea huhitajika mapema, ilhali dawa nyingi za magugu zikiwekwa mapema huua miche yenyewe.

Nyasi zinazopandwa

Nyasi za maeneo hayo ni zile zinazokua vizuri wakati wa ubaridi, hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24 za selsiasi. Tatu zinazotumika sana ni Poa pratensis, Lolium perenne na Festuca arundinacea. Poa pratensis huko Marekani huitwa kwa jina la jimbo la Kentucky, ingawa asili yake ni Ulaya na Asia na ilifika Amerika pamoja na walowezi.

Kasi ya kuota hutofautiana sana. Lolium huota kwa siku 5 hadi 10, Festuca kwa wiki moja au mbili, na Poa kwa wiki mbili hadi nne. Mifuko mingi ya mbegu ina mchanganyiko, kwa hiyo mtu anaweza kuona uwanja umekuwa kijani akadhani kazi imekwisha, kumbe nusu ya mbegu bado zimo udongoni hazijachomoza. Hesabu ya siku za mbolea na dawa hufuata mche wa mwisho kuota, si wa kwanza.

Kwa mtu aliyezoea bustani za Nairobi au Arusha jambo hili lote ni geni, maana kule nyasi husimama kukua kwa sababu ya kiangazi, si kwa baridi. Hata maana ya gugu hubadilika. Nyasi ya Kikuyu, ambayo ndiyo uwanja wa nyumba nyingi za nyanda za juu za Kenya, imo katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya magugu hatari.

Kinachotokea ardhini

Katika majira ya kupukutika majani, yaani Septemba hadi Novemba, hewa hupoa upesi kuliko udongo. (Majira haya yasichanganywe na vuli ya Afrika Mashariki, ambayo ni msimu wa mvua.) Majani ya nyasi hupunguza kasi ya kukua, lakini mizizi huendelea kwa sababu ardhi bado ina joto. Jua nalo bado lipo, hivyo usanisinuru hauachi kutengeneza sukari. Sukari isiyotumika kukuza majani huwekwa akiba kwenye shina fupi lililo usawa wa udongo, na kwa Poa katika mashina yatambaayo chini ya ardhi pia. Akiba hiyo ndiyo inayoufanya mche uvumilie kuganda, na ndiyo inayotoa majani ya kwanza Aprili.

Mche uliopata muda hutoa machipukizi ya pembeni, na shina moja likawa matatu au manne. Mche ulioota Oktoba una majani mawili na mizizi mifupi. Ardhi inapoganda na kuyeyuka mara kwa mara hutanuka na kusinyaa, na mche wa namna hiyo husukumwa juu, mizizi ikabaki wazi. Mbolea haiwezi kufidia wiki zilizopotea.

Mbolea

Kila mfuko wa mbolea huwa na namba tatu, kwa mfano 20-10-10. Ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni, ya pili ni ya fosforasi (ikihesabiwa kama oksaidi yake) na ya tatu ni ya potasiamu (vivyo hivyo). Nitrojeni hukuza majani na machipukizi. Fosforasi husaidia mizizi michanga, ambayo bado ni mifupi mno kuitafuta mbali. Haitembei sana udongoni, hivyo huchanganywa na udongo wa juu kabla ya mbegu kumwagwa. Potasiamu husaidia mmea kustahimili baridi na ukame.

Kipimo cha kawaida cha Marekani ni ratili moja ya nitrojeni kwa futi za mraba 1,000, ambayo ni karibu gramu 5 kwa mita moja ya mraba. Wengi hukosea hapa, kwa sababu gramu 5 ni za nitrojeni peke yake, si za mbolea yote. Uwanja wa mita za mraba 100 unahitaji gramu 500 za nitrojeni. Mfuko wa 20-10-10 una nitrojeni asilimia 20, kwa hiyo gramu 500 zinagawanywa kwa 0.20, na jibu ni kilo 2.5 za mbolea. Mwenye mfuko wa 10-10-10 atahitaji kilo 5 kupata nitrojeni ileile. Asiyepiga hesabu hii huishia kumwaga mara mbili ya kinachotakiwa, na chumvi za mbolea huvuta maji kutoka katika mizizi michanga mpaka ncha za majani zikawa na rangi ya kahawia kama zilizopitiwa na moto.

Mbolea ya kwanza huwekwa siku ya kupanda. Ya pili huwekwa wiki nne hadi sita baada ya miche kuota, kwa nusu ya kipimo kile, majani yakiwa makavu ili punje zisigande juu yake. Kisha maji kidogo humwagwa ili ziingie ardhini. Kwa mbegu zilizopandwa mwisho wa Agosti, awamu hii ya pili huangukia mwanzoni mwa Oktoba, na ndiyo inayojenga machipukizi na akiba.

Kuhusu mbolea ya tatu, ile ya Novemba, ushauri umebadilika. Kwa miaka mingi wenye nyumba waliambiwa waweke nitrojeni nyingi baada ya kukata nyasi mara ya mwisho, na maduka bado huuza mifuko yenye maandishi ya kuiandaa nyasi kwa majira ya baridi. Lakini nyasi iliyo katika ubaridi hunyonya nitrojeni kidogo sana. Inayobaki hugeuka nitrati, na nitrati huyeyuka katika maji na kushuka nayo hadi maji ya chini ya ardhi, hasa penye mchanga. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa mfano, hakipendekezi tena mbolea hiyo ya mwisho. Tena nyasi iliyolishwa kupita kiasi mwishoni mwa msimu huingia baridi ikiwa na majani laini yaliyojaa maji, na hayo ndiyo chakula kizuri cha ukungu wa theluji. Ukungu huo, unaosababishwa na kuvu kama Microdochium nivale na jenasi Typhula, hukua chini ya theluji, na theluji ikiyeyuka huacha madoa ya mviringo ya majani yaliyokufa.

Kabla ya yote haya inafaa udongo upimwe. Vyuo vikuu vingi vya majimbo vina maabara zinazopokea udongo wa wananchi kwa ada ndogo na kurudisha majibu kuhusu pH, fosforasi na potasiamu. Nyasi hizi hupenda pH kati ya 6 na 7. Udongo wenye asidi zaidi huhitaji chokaa, na mbolea inayomwagwa hapo bila chokaa haitumiki ipasavyo.

Magugu

Magugu ya kipindi hiki si ya aina moja, na kila kundi lina jibu lake.

Kundi la kwanza ni la yale yanayokufa yenyewe. Digitaria sanguinalis, nyasi yenye mashuke yaliyotawanyika kama vidole vya mkono, huota majira ya kuchipua, hutanda wakati wa joto na kufa kwa jalidi la kwanza. Kuipulizia dawa Septemba ni kupoteza fedha. Ila imekwisha kuacha mbegu, na hizo ni shughuli ya mwaka unaofuata.

Kundi la pili huota wakati uleule na nyasi zilizopandwa, hupita baridi likiwa dogo, kisha hutoa maua mapema mwaka unaofuata na kufa. Humo mna Stellaria media, Lamium amplexicaule na Poa annua. Udongo uliochimbwa kwa ajili ya kupanda huzipa mbegu hizo mwanga na nafasi, hivyo uwanja mpya huwa nayo mengi kuliko wa zamani. Kwenye uwanja mdogo ni bora kung'oa kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu na mguu ukikanyaga ubao ili usikandamize miche.

Kundi la tatu ni la magugu ya kudumu yenye majani mapana. Maarufu zaidi ni dandelioni, Taraxacum officinale, jamaa ya mbali ya mchunga unaoliwa kama mboga pwani ya Afrika Mashariki. Mzizi wake ni mrefu na mnene, na kipande kinachobaki ardhini huchipua tena. Lakini majira ya kupukutika majani dandelioni nayo inashusha sukari mzizini, kama nyasi. Dawa inayoingia kwa majani wakati huo husafiri na sukari hadi chini kabisa, kwa hiyo dawa ya Septemba au Oktoba huua mzizi vizuri kuliko ile ya Mei, wakati utomvu unapanda kwenda kwenye maua. Inayotumika sana ni 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1945. Inaiga homoni ya ukuaji ya mmea, na majani mapana hujipindapinda na kufa huku nyasi zikivumilia.

Nyasi changa, hata hivyo, hazivumilii. Lebo za dawa hizi kwa kawaida hutaka nyasi mpya ziwe zimekatwa mara mbili hadi nne kabla ya kupuliziwa. Hiki ni kipimo chenye akili, kwa sababu mche unaofikia kukatwa mara tatu umekwisha kuwa na mizizi ya kutosha. Nyasi zilizopandwa mwisho wa Agosti huenda zikafika hapo katikati ya Oktoba, na bado zikapata siku chache zenye zaidi ya nyuzi 10, ambazo dawa inahitaji ili ifanye kazi. Zilizopandwa mwisho wa Septemba hazifiki. Mwenye uwanja huo avumilie dandelioni zake hadi mwaka ujao. Gugu kumi zilizobaki ni hasara ndogo kuliko miche elfu iliyokufa.

Hatari kubwa zaidi imo katika dawa zinazozuia mbegu kuota, kama prodiamini na pendimethalini. Huzuia mizizi ya mche unaochomoza isikue, na haziwezi kutofautisha mche wa gugu na wa nyasi iliyonunuliwa. Mtu akizimwaga wiki ya kupanda atasubiri mwezi mzima bila kuona kitu. Mesotrioni ni tofauti: inaruhusiwa siku ya kupanda kwa baadhi ya nyasi, Poa pratensis ikiwemo. Historia yake inapendeza. Miaka ya 1970 mtafiti mmoja huko California aliona kwamba chini ya Callistemon magugu hayaoti kwa wingi, na kemikali iliyopatikana katika mmea huo ndiyo iliyoongoza kwenye dawa hiyo. Callistemon ni mti wa mapambo wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kuoshea chupa, na hupandwa sana Nairobi pia.

Mifuko inayochanganya mbolea na dawa ya magugu haifai kwa uwanja mpya. Siku inayofaa kwa nusu yake ya kwanza ni siku mbaya kwa nusu ya pili.

Mbolea inayofika ziwani

Katika miji mingi ya Marekani maji ya mvua ya barabarani huingia mifereji inayokwenda moja kwa moja mtoni au ziwani bila kusafishwa. Punje zilizoangukia njia ya saruji hufuata maji hayo. Ziwani fosforasi hulisha mwani na bakteria za buluu-kijani, ambazo baadhi hutoa sumu. Agosti 2014 wakazi zaidi ya 400,000 wa Toledo, Ohio, na vitongoji vyake walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku mbili hivi kwa sababu ya sumu ya mikrosistini kutoka Ziwa Erie. Fosforasi ya ziwa hilo hutoka zaidi mashambani kuliko mbele ya nyumba, lakini ndani ya miji viwanja vya nyasi vina sehemu yao.

Minnesota ilichukua hatua mapema. Tangu 2005 sheria ya jimbo zima inakataza fosforasi katika mbolea ya nyasi, isipokuwa kipimo cha udongo kikionyesha upungufu au nyasi zikiwa katika msimu wake wa kwanza. Nyasi mpya basi imeachiwa mlango, kwa kuwa ndiyo inayohitaji fosforasi kweli, na pia kwa kuwa udongo ulio wazi humomonyoka na kupeleka fosforasi nyingi zaidi majini kuliko udongo uliofunikwa. Maryland, inayolinda Ghuba ya Chesapeake, inawakataza wenye nyumba kuweka mbolea ya nyasi kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 1 Machi. Punje zilizomwagika njiani hufagiliwa zirudi kwenye nyasi. Kuzisukuma kwa mpira wa maji ni kuzipeleka mferejini.

Kukata, majani ya miti na waliochelewa

Nyasi mpya hukatwa zikifika sentimita 8 au 9, kwa kisu kikali, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu. Majani ya miti yanayopukutika huondolewa kila baada ya siku chache, kwa kuwa yakilowa hushikamana na kuifunika miche isipate mwanga. Hufagiliwa kwa reki nyepesi au kupeperushwa, maana reki ya chuma hung'oa miche.

Aliyefika Oktoba bila kupanda ana njia nyingine: husubiri Novemba, ardhi ikiwa baridi kiasi kwamba mbegu haiwezi kuota, ndipo humwaga mbegu zilale hadi majira ya kuchipua. Mbegu hizo haziwekewi mbolea wakati huo, kwa kuwa hakuna mzizi wa kuipokea, wala dawa ya kuzuia magugu kuota mwaka unaofuata, kwa sababu itazizuia na zenyewe.