Ruhusa ya Kipimo: Istilahi za Uchanganuzi wa Vipimo katika Lahajedwali

Neno la Kiingereza ambalo wahandisi hulitumia kutaja kiasi ambacho kipimo cha kipande chaweza kuzidi au kupungua bila ya kipande hicho kukataliwa, ndilo neno lile lile litumiwalo na viongozi wa dini na wa siasa wanapowahimiza watu wa itikadi mbalimbali wachukuliane. Mfasiri anayekutana nalo katika mwongozo wa ufundi huelekea kwenye kamusi, akakuta 'uvumilivu' au 'ustahimilivu', kisha akaandika: "Uvumilivu wa mhimili ni milimita 0.3." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Lakini mhimili hauvumilii kitu. Anayevumilia, ikiwa lazima tumtafute, ni mkaguzi anayeupima na kuukubali. Fundi aliyekabidhiwa sentensi hiyo aweza kudhani kwamba ameelezwa nguvu ya chuma, yaani uzito ambao mhimili wastahimili kabla ya kupinda.

Dhana yenyewe si ngumu. Hakuna mashine ya kukereza itoayo vipande mia vyenye urefu wa milimita 50 kamili. Kimoja kitakuwa na 50.08, kingine 49.91. Kwa hiyo mchoraji huandika kwanza kipimo anachokikusudia, kisha huandika kiasi ambacho fundi ameruhusiwa kukosea. Kwa sababu hiyo twapendekeza kipimo kinachokusudiwa kiitwe 'kipimo lengwa', na kiasi hicho kiitwe 'ruhusa ya kipimo'. Mipaka miwili inayopatikana ni 'ukomo wa juu' na 'ukomo wa chini'. Twasisitiza maneno 'ya kipimo', kwani 'ruhusa' peke yake ofisini ni ile karatasi ya kuomba kwenda msibani.

Ruhusa ya kipimo isichanganywe na mchepuko. Mchepuko ni tofauti iliyokwisha kutokea baina ya kipimo halisi na kipimo lengwa. Hupimwa kwa chombo, baada ya kazi. Ruhusa hutolewa na mchoro kabla kazi haijaanza. Mkaguzi hulinganisha cha pili na cha kwanza, na mwongozo unaotumia neno moja kwa vyote viwili humnyima kitu cha kulinganisha. Vilevile, nafasi inayobaki baina ya vipande viwili vilivyounganishwa tungependa iitwe 'mwanya'. Mafundi wana neno 'mchezo', nao husema kwamba gurudumu linacheza. Neno hilo ni zuri na lina uhai, lakini lataja mwendo unaosababishwa na mwanya, si mwanya wenyewe. Yafaa yote mawili yabaki, kila moja mahali pake.

Haja ya kupambanua maneno haya imekuwa kubwa zaidi tangu hesabu za vipimo zilipohamia katika lahajedwali. Programu ya kwanza ya namna hiyo kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston. Lotus 1-2-3 ikafuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Faida yake kwa mhandisi ni kwamba akibadili namba moja, majibu yote yanayoitegemea hubadilika papo hapo. Hatari yake ni kwamba kompyuta (tarakilishi, wasemavyo wengi nchini Kenya) haijui maana ya kichwa cha safu. Anayekijua ni yule anayejaza, naye hujaza kwa kadiri alivyolielewa neno lililoandikwa pale.

Na tutazame mfano. Kuna kasha la chuma ambalo upana wake wa ndani ni milimita 50, na ruhusa yake ni 0.3 juu na chini. Ndani yake hupangwa vipande vitatu kwa mstari, vyenye milimita 20, 15 na 14.5, kila kimoja kikiwa na ruhusa ya 0.1 juu na chini. Swali la mhandisi ni moja: je, vipande vitaingia daima, na mwanya utakaobaki utakuwa kiasi gani? Vipimo vinavyofuatana hivyo twaviita 'mlolongo wa vipimo', na kazi ya kutafuta jibu ni 'uchanganuzi wa ruhusa za vipimo'.

Lahajedwali la kazi hiyo halihitaji mambo mengi. Kila kipimo hupewa safu yake ya mlalo; katika safu wima huandikwa jina la kipande, kipimo lengwa, ruhusa na mwelekeo. Mwelekeo ni 1 kwa kipimo kinachoongeza mwanya, yaani kasha, na 1 hasi kwa kila kinachoupunguza. Kila kipimo lengwa huzidishwa kwa mwelekeo wake, kisha hujumlishwa: 50 toa 20, toa 15, toa 14.5, hubaki 0.5. Huo ndio mwanya lengwa.

Hapa ndipo tafsiri mbaya huharibu hesabu. Mfasiri akiandika kwamba 'ruhusa nazo hufuata mwelekeo', mjazaji atazitoa kama alivyovitoa vipimo: 0.3 toa 0.1, toa 0.1, toa 0.1. Jibu ni sifuri! Lahajedwali litatangaza kwamba mwanya ni 0.5 siku zote na haubadiliki hata unywele mmoja. Ukweli ni kwamba ruhusa hujumlishwa pasipo kujali mwelekeo, kwa kuwa kipande kilichozidi na kasha lililopungua husaidiana katika kuubana mwanya. Jumla ni 0.6, na mwanya waweza kuwa popote kati ya 0.1 hasi na 1.1. Hasi maana yake ni kwamba vipande havitaingia.

Alama ya kujumlisha iliyowekwa juu ya alama ya kutoa nayo huchangia kosa hilo. Walimu wengi huisoma 'jumlisha au toa', na mwanafunzi husikia amri ya kufanya hesabu, ilhali alama hiyo yaeleza masafa tu. Katika sentensi za Kiswahili twaona ni afadhali iandikwe 'juu na chini', kama tulivyofanya hapa. Kwenye mchoro alama ibaki kama ilivyo.

Hesabu tuliyoifanya huitwa 'jumla ya hali mbaya kabisa', nalo ni jina stahiki: huchukulia kwamba vipande vyote vimekosewa kwa ukomo, na kwa upande mmoja. Ipo nyingine, tunayoiita 'jumla ya kitakwimu', ambamo kila ruhusa huzidishwa kwa yenyewe, matokeo hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Katika mfano wetu ni kipeuo cha pili cha 0.12, yaani 0.346 hivi. Basi mwanya huwa kati ya 0.154 na 0.846, na kasha lililoshindwa katika hesabu ya kwanza hupita katika hesabu ya pili.

Tumeona miongozo inayoziita njia hizi 'ya makadirio' na 'ya uhakika', na pengine ikizipa majina hayo kinyumenyume. Tunayakataa yote mawili. Njia ya pili haikadirii ovyo, ila ina masharti: kila kipande kiwe kimetengenezwa pasipo kutegemea kingine, wastani wa vipimo uwe kwenye kipimo lengwa, na ruhusa iwe mara tatu ya mchepuko sanifu wa uzalishaji. Masharti hayo yakitimia, na vipimo vikijitawanya kwa namna ya kawaida, makasha 9,973 hivi katika kila 10,000 yatakuwa ndani ya masafa tuliyoyataja, na lisilopokea vipande vyake litakuwa pungufu ya moja katika 100,000. Vipande vitatu vikikatwa kwa mashine moja iliyotegwa vibaya asubuhi ile, sharti la kwanza limevunjika na namba hizo hazina kazi. Mwandishi wa hati ya zabuni aandikaye tu kwamba 'ruhusa zijumlishwe' hajasema ni kwa njia ipi, na muuzaji atachagua inayompendeza.

Ruhusa pia si lazima ilingane juu na chini. Katika mfumo wa kimataifa wa ISO 286, tundu la milimita 25 la daraja H7 laweza kuzidi kwa 0.021, lakini halipungui hata kidogo. Mhimili wa daraja g6 wa kipimo hicho hicho hupungua daima, kwa 0.007 hadi 0.020. Hapo safu wima moja ya 'ruhusa' haitoshi. Weka mbili, za ukomo wa juu na wa chini, kisha fomula itafute kati yake: tundu huwa 25.0105 na ruhusa ya 0.0105, mhimili huwa 24.9865 na ruhusa ya 0.0065. Mwanya lengwa ni 0.024, na mipaka yake ni 0.007 na 0.041. Mhimili utazunguka bila kukwama.

Jambo dogo kwa sura ni nukta. Tanzania na Kenya huandika 0.3, na mkato hutenga maelfu. Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo, waliosoma hesabu kwa Kifaransa, huandika 0,3. Kipimo 14,500 kilichoandikwa kwa desturi ya Kongo kikinakiliwa katika lahajedwali lililopangwa kwa desturi yetu husomeka elfu kumi na nne na mia tano. Kosa hilo angalau huonekana. Baya zaidi ni tarakimu zinazoingia kama maandishi, kwa kuwa amri ya kujumlisha safu huziruka, na jumla hutoka kama kwamba hazikuwapo. Ikirukwa ruhusa ya kasha letu, jumla ya hali mbaya kabisa yawa 0.3 badala ya 0.6, mwanya wawa kati ya 0.2 na 0.8, na mchoro mbovu watiwa saini. Mfasiri wa majedwali ya nchi hizi abadili desturi ya namba kwa uangalifu ule ule anaobadilia maneno.

Neno 'safu' nalo lataka mipaka. Wengine hulitumia kwa mistari ya mlalo, wengine kwa ya wima, na agizo 'ongeza safu' kwa anayehariri lahajedwali lililokwisha kujengwa huweza kuzaa vitu viwili tofauti. Tuseme 'safu mlalo' na 'safu wima', bila kufupisha. Na agizo litaje mahali: safu mlalo mpya ikiwekwa chini ya ile ya mwisho inayojumlishwa, kipande kipya kitaonekana kwenye orodha na kisihesabiwe, mpaka fomula yenyewe irekebishwe.

Hatujapendekeza istilahi za ruhusa zinazohusu umbo, kama vile unyoofu wa mhimili au ubapa wa uso wa chuma. Hizo hazina kipimo lengwa cha kuongezwa au kupunguzwa, na 'juu na chini' haiwezi kuzieleza. Walimu wa uchoraji wa kiufundi ambao karakana zao tayari zina majina ya dhana hizo wangetusaidia kwa kutuletea majina hayo kama yanavyosemwa, pamoja na mchoro wa kila moja.