Je, Wajua? Moduli Mbili Nzima Zaweza Kuiangusha Seva

Seva ya wavuti yaweza kuanguka ilhali kila kipande chake, kikiwa peke yake, ni kizima.

Chanzo. Apache, seva iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, huongezewa uwezo kwa moduli: moja ya PHP, nyingine ya Perl, na kadhalika. Moduli hizi hupakiwa ndani ya mchakato mmoja na kutumia kumbukumbu moja. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kisa. Apache 1.3 ilikuja na Expat, maktaba ya kusoma XML. Programu ya Perl iliyoendeshwa ndani ya seva na kutumia XML::Parser nayo ilileta Expat ya toleo jingine. Majina ya vitendaji yalikuwa yale yale, basi Perl ikaangukia msimbo usio wake, na mchakato ukafa. Dawa ilikuwa kuijenga seva upya bila Expat yake.

Dalili. Mgeni hupata ukurasa mtupu, lakini seva yaonekana hai, kwa kuwa mchakato mzazi huanzisha mchakato mtoto mwingine mahali pa uliokufa papo hapo. Ushahidi umo katika faili la makosa: mtoto amekufa kwa ishara namba 11, yaani amegusa kumbukumbu asiyoruhusiwa.

Uchunguzi. Amri `apachectl -M` huorodhesha moduli zote zilizopakiwa. Zima nusu ya zile zisizo za lazima, washa seva upya, jaribu ukurasa ule ule, kisha gawa tena nusu inayoshukiwa. Kwa washukiwa 16, majaribio 4 hivi humfichua mgomvi mmoja.