Kitoto Kinavyomponyoka Mkubwa: Lugha na Hila katika Ngano za Watoto, kwa Mfano wa Ufipa

Ngano nyingi za kuchekesha watoto hujengwa juu ya mgogoro mmoja: mhusika mdogo na mtundu hunaswa na mkubwa mwenye nguvu, kisha humponyoka. Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuuliza kama utundu huo usifiwe au ukemewe. Mhadhara huu unauliza swali jingine, la kiisimu: mdogo huponyoka kwa chombo gani? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba chombo chake ni lugha, na kwamba ngano ikihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine bila uangalifu, chombo hicho huweza kupotea.

Mfano unaofaa ni Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake mkuu ni Sumbawanga. Kifipa, kilichopewa namba M13 katika uainishaji wa Guthrie, kina utajiri wa masimulizi. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya katika miaka ya 1960, akayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1978 katika kitabu *There Was a Certain Man*. Jina hilo linamkumbusha msomaji wa Kiswahili mwanzo anaoujua: hapo kale palikuwa na mtu.

Ili kuona lugha inavyookoa, na zitazamwe hila mbili zinazojulikana sana. Katika ya kwanza, sungura anakimbilia shimoni, simba anaukamata mguu wake. Sungura anacheka na kusema kwamba simba ameshika mzizi. Simba anauachilia mguu na kuushika mzizi wa kweli. Hapo sungura analia kwamba anaumizwa. Simba alikuwa na ushahidi mkononi, lakini aliliamini neno kuliko mkono wake. Watoto hucheka kwa sababu wao wanajua kila jina linarejelea nini.

Hila ya pili imo katika ngano za Zanzibar alizochapisha George Bateman mwaka 1901. Sungura anashuku kwamba simba amejificha nyumbani mwake. Anaisalimu nyumba, kimya. Anashangaa kwa sauti kwamba kila siku nyumba humwitikia. Simba anaitikia, naye sungura anatimua mbio. Hapa mkubwa anaponzwa na kanuni ya mazungumzo: salamu huja kwa jozi, hodi kwa karibu, shikamoo kwa marahaba. Kuitikia ni wajibu, na kwa marahaba ni heshima ya mkubwa mwenyewe.

Hila hizi mbili huhamishika kwa urahisi, kwa kuwa kila lugha ina majina na salamu. Kilicho kigumu kuhamisha ni sarufi ya udogo. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu za bara, kina ngeli ya ka-/tu- inayobeba udogo. Kwa kuwa upatanisho hurudiwa katika vitenzi na vivumishi, kila tendo la kitoto huyo mtundu humkumbusha msikilizaji kwamba mtendaji ni mdogo. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo. Kazi yake imechukuliwa na ki-/vi-, ingawa *katoto* husikika katika mazungumzo. Aidha, Kiswahili huwapatanisha viumbe hai kwa a-/wa-: *sungura alikimbia, simba alikimbia*. Mbele ya kitenzi, mdogo na mkubwa wamelingana, na nusu ya kichekesho imekwisha.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Mtoto aliyesimuliwa ngano na bibi yake kwa Kifipa hutakiwa kuiandika kwa Kiswahili. Akiandika *kitoto kikaruka*, na mwalimu akasahihisha kuwa *mtoto akaruka*, sarufi haijavunjwa, lakini ngano imepungukiwa. Na pakiongezwa funzo kwamba watoto watundu huadhibiwa, kitoto kilichomponyoka simba kitakuwa kimekamatwa darasani.

Hata hivyo Kiswahili si maskini. Dhidi ya ki- ya udogo, kinayo ji-/li- ya ukubwa, ambayo huonyesha ukubwa hata mbele ya kitenzi: *jitu likanguruma, kitoto kikacheka, jitu likainama, kitoto kikapenya*. Upatanisho wenyewe unaisimulia mbio hiyo. Basi mfasiri wa ngano za Ufipa asianze na kamusi wala na funzo. Aanze kwa kuuliza nani mdogo, nani mkubwa, na ni kiambishi kipi kitakachowafanya watoto wa Sumbawanga wacheke kwa Kiswahili kama bibi zao walivyocheka kwa Kifipa.