Yoga kwa Wakimbiaji na Waendesha Baiskeli: Mtindo Upi Unakufaa?

Wikendi alfajiri, vikundi vya wakimbiaji na waendesha baiskeli huonekana kandokando ya barabara kuu ya Thika, tangu Ruiru hadi Juja na Thika mjini. Wengine hukata kona na kuingia njia za vumbi kati ya mashamba ya kahawa na mananasi, na wengine hupitia Kamakis, mahali panaposifika zaidi kwa nyama choma kuliko kwa mbio. Baadhi yao wanajiandaa kwa Nairobi Marathon, ambayo kwa kawaida hufanyika Oktoba. Baadhi wanazoea vilima wakifikiria kilomita 21 za kuzunguka bwawa la Ndakaini, huko Gatanga katika kaunti jirani ya Murang'a. Wengi wao wameshaambiwa na rafiki kwamba yoga itawasaidia. Tatizo huanza wanaposoma bango la jimu na kukuta majina matano au sita ya yoga, yote yakiahidi mwili mwepesi.

Mtindo unaofaa ni ule unaoupa mwili kile ambacho mazoezi ya wiki hayakuupa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za yoga, mtu ajiulize habari za wiki yake.

Mkimbiaji wa saa nzima hupiga takribani hatua 10,000, na zote ni za kwenda mbele. Mashavu ya miguu na misuli ya nyuma ya paja hurudia mwendo ule ule mfupi mpaka ikakaza. Misuli ya pembeni mwa nyonga, ambayo kazi yake ni kuzuia goti lisilalie ndani kila mguu unapotua, mara nyingi hubaki dhaifu. Mwendesha baiskeli ana shida nyingine: mgongo umepinda, shingo imeinuliwa na nyonga zimekunjwa kwa saa kadhaa, kutoka Thika hadi Kenol na kurudi. Wa kwanza anahitaji uimara wa nyonga na usawa wa kusimama kwa mguu mmoja. Wa pili anahitaji kufungua kifua na sehemu ya mbele ya nyonga.

Mitindo miwili iliyo maarufu zaidi ilitoka kwa mwalimu mmoja, T. Krishnamacharya, aliyefundisha katika mji wa Mysore, India, miaka ya 1930. Wanafunzi wake wawili walikwenda njia tofauti. K. Pattabhi Jois alieneza Ashtanga, ambayo ina mfuatano usiobadilika wa mikao, kila mwendo ukienda na pumzi, na jasho linatoka kweli. B.K.S. Iyengar, aliyeweka makao yake Pune, alisisitiza kukaa muda mrefu katika mkao mmoja huku mwili ukipangwa sawasawa, kwa msaada wa mikanda, viti na vipande vya mbao.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwanamichezo. Ashtanga ni zoezi zito. Aliyekimbia kwa kasi Jumanne, akapanda vilima Alhamisi na anayesubiri kilomita 25 za Jumamosi, akiweka Ashtanga Jumatano atakuwa ameifuta siku yake ya kupumzika bila kujua. Vinyasa na ile inayoitwa pawa yoga ni za ukoo huo huo. Jambo hili lina uzito wake hapa kwetu. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanza Nairobi mwaka 2007, limewafunza vijana wengi wa Kenya kuwa wakufunzi, na mafunzo yake yameegemea zaidi vinyasa ya nguvu. Si ajabu basi darasa la kwanza ambalo mkazi atalipata liwe la kasi. Darasa hilo linaweza kuwa zuri sana kwa mtu anayekimbia mara mbili kwa wiki na asiyefanya zoezi lolote la nguvu. Kwa anayekimbia mara tano, ni mzigo juu ya mzigo.

Mtu mkakamavu, anayeanza, au mwenye jeraha la zamani ataanza vizuri zaidi na Iyengar, au na darasa la polepole ambalo matangazo huliita Hatha. Vifaa visimtishe. Leso iliyokunjwa hufanya kazi ya mkanda, na vitabu viwili vinene hufanya kazi ya kipande cha mbao. Jambo la kuangalia ni sakafu, kwa kuwa zulia dogo juu ya saruji laini huteleza, na mkao wa mguu mmoja hapo ni mwaliko wa kuanguka.

Yin hufanywa chini sakafuni, kila mkao dakika tatu hadi tano. Inafaa jioni ya siku ya mapumziko. Haifai asubuhi ya mashindano wala kabla ya mbio za kasi, kwa sababu msuli uliovutwa kwa muda mrefu hupoteza nguvu kwa muda fulani. Yoga ya chumba chenye joto, ambalo katika mtindo wa Bikram hufikia nyuzi 40 hivi, isiwekwe siku ya mbio ndefu. Mwili utakuwa umeshapoteza maji ya kutosha.

Kosa linalowaumiza wengi ni kunyoosha panapouma. Mkimbiaji akihisi maumivu chini kabisa ya tako, mahali pa kukalia, hudhani msuli wa nyuma ya paja umekaza, naye huinama kugusa vidole vya miguu kila asubuhi. Mara nyingi maumivu ya hapo hutokana na kano lililochoshwa, na kila anapoinama kano hilo hubanwa kwenye mfupa. Akiendelea, maumivu ya wiki mbili yanaweza kuwa ya miezi. Dalili ya kujihadhari ni maumivu yanayoongezeka akikaa kwenye kiti kigumu au kwenye matatu kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo aache mikao ya kuinama mbele, hata mkufunzi akimhimiza, mpaka apimwe.

Yoga pia isipewe sifa isizostahili. Haichukui nafasi ya kilomita, na utafiti uliokusanywa kuhusu kunyoosha misuli umeonyesha kwamba hupunguza maumivu ya siku inayofuata kwa kiasi kidogo tu. Inachotoa ni usawa, pumzi iliyotulia na viungo vinavyofika mahali vilipokuwa vimesahau. Darasa moja au mawili kwa wiki yanatosha.

Wapo wanaosita kwa sababu ya imani, kwani yoga ina mizizi katika dini za India. Madarasa mengi ya jimu hufundisha mikao na kupumua tu. Mwenye shaka amuulize mkufunzi mapema kama kuna nyimbo au dua, na akiona bado hana amani, mienendo mingi ya aina hiyo hufundishwa pia kama mazoezi ya kawaida ya viungo.

Kabla ya kulipa, mkazi amweleze mkufunzi anakimbia au anaendesha siku zipi, na amuulize kama darasa linaweza kurekebishwa. Wenye shinikizo la damu, glakoma na wajawazito waseme mapema, kwa kuwa mikao ya kichwa chini haiwafai.

Maumivu ya goti, nyonga au kisigino yasiyokwisha kwa wiki mbili yapelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Huduma hiyo inapatikana katika Hospitali ya Thika Level 5. Mgonjwa abebe viatu anavyokimbilia, kwani soli iliyolika upande mmoja humwambia mtaalamu mengi, na akumbuke maumivu huanza baada ya kilomita ngapi.